Kompyuta ya Injini na Fundi wa Tyuni: Kipi Huchaguliwa Kwanza?

Mtu akishafunga turbo kubwa, akabadilisha nozeli za mafuta au akapandikiza injini nyingine kwenye gari lake, swali la kwanza analowauliza wenzake huwa ni kompyuta gani anunue. Majibu humiminika: huyu anaisifu kampuni hii, yule anaiponda, wa tatu anaonyesha karatasi ya vipimo vya nguvu. Baada ya mabishano marefu muulizaji huondoka na jina la kifaa, pengine na bei yake, lakini hana jina la mtu atakayekipanga. Hapo ndipo mambo huanza kwenda kombo, kwa sababu swali lenyewe limeulizwa kinyume. Ili kuona ni kwa nini, inafaa tuanze na kazi halisi ya kompyuta hiyo.

Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroboksi, husoma taarifa za sensa za injini na kutoa amri kuu mbili: nozeli ifunguke kwa muda gani, na plagi itoe cheche wakati gani. Zipo amri nyingine, kama vile kupanga kamshafti zinazobadilika (shafti zinazofungua valvu), kufungua kipepeo cha hewa kwa umeme na kudhibiti shinikizo la turbo, lakini hizo mbili ndizo uti wa mgongo. Ramani ni jedwali la namba lililohifadhiwa ndani ya kompyuta: upande mmoja kuna kasi ya mzunguko wa injini, upande mwingine kuna mzigo, yaani kiasi cha hewa kinachoingia, na kila chumba cha jedwali hueleza la kufanya hali hizo mbili zinapokutana. Kutyuni ni kuzipanga namba hizo zilingane na injini husika. Anayefanya kazi hiyo ni fundi wa tyuni, naye lazima aijue injini ya chuma na aijue programu, maana ujuzi wa upande mmoja tu haumfikishi mbali.

Teknolojia yenyewe ni ya muda mrefu. Mfumo wa Motronic wa kampuni ya Bosch, uliounganisha udhibiti wa mafuta na wa cheche ndani ya kompyuta moja, uliingia kwenye BMW 732i mwaka 1979. Kilichobadilika tangu hapo ni kasi, idadi ya sensa na wingi wa majedwali. Misingi imebaki ile ile.

Kompyuta haizalishi nguvu

Nguvu ya injini hutokana na hewa na mafuta yanayoungua ndani ya silinda. Hewa huletwa na valvu, kamshafti, turbo na mabomba. Mafuta huletwa na pampu na nozeli. Kompyuta huamua tu kiasi na wakati. Kompyuta mbili za bei zilizopishana mara tano, zikiamuru mafuta sawa na cheche kwa wakati sawa kwenye injini moja, zitatoa nguvu sawa. Tofauti ya bei hulipia mambo mengine, kama usahihi wa vipimo, idadi ya sensa zinazoweza kuunganishwa, ulinzi wa injini, uwezo wa kurekodi na ubora wa programu anayoitumia fundi. Hayo ni mambo ya maana, lakini hayaongezi nguvu farasi kwa kuwapo tu.

Kasi ya kazi hiyo inashangaza ukiipigia hesabu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krankshafti, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 10. Injini ya mipigo minne huhitaji mizunguko miwili ili silinda ivute hewa, iibane, iunguze na itoe moshi, kwa hiyo kila silinda ina milisekunde 20 tu za kumaliza zamu yake, na injini ya silinda nne huwasha cheche mara 200 kwa sekunde. Digrii moja ya mzunguko hupita kwa muda usiofika sehemu 30 za milioni za sekunde. Kompyuta isiyojua kwa hakika krankshafti iko wapi itawasha cheche mahali pasipofaa, na ndiyo maana sensa ya krankshafti, kidude kidogo kinachosoma meno ya gurudumu, ina uzito kuliko mbwembwe nyingi zinazoandikwa kwenye matangazo.

Mafuta yana hesabu yake. Petroli huungua kikamilifu inapochanganywa na hewa kwa uwiano wa uzito wa takriban 14.7 kwa 1, na hali hiyo huitwa lambda 1. Namba ikishuka chini ya 1, mafuta yamezidi na mchanganyiko ni mzito. Ikipanda, mafuta yamepungua na mchanganyiko ni mwepesi. Gari linapotembea taratibu hukaa karibu na 1, kwa sababu hapo matumizi ya mafuta ni ya kiasi na katalisti inayosafisha moshi hufanya kazi vizuri. Injini ya turbo inapokanyagwa hadi mwisho huhitaji mafuta ya ziada ya kupoza chumba cha mwako, na mara nyingi hupangwa kati ya lambda 0.78 na 0.85. Ukiacha petroli ukatia E85, yaani mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni ethanoli, uwiano kamili hushuka hadi karibu 9.8 kwa 1, maana yake nozeli na pampu zilezile zinadaiwa mafuta mengi zaidi, takriban theluthi moja juu ya kawaida au hata kuzidi hapo. Wengi husikia sifa za E85 wakasahau deni hilo.

Kuna imani kwamba mchanganyiko mzito daima ni salama. Ni kweli kwamba mwepesi chini ya mzigo mkubwa huua injini upesi, lakini mafuta yakizidi mno huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, huchanganyika na oili ya injini, huchafua plagi na hupunguza nguvu. Fundi anayejaza mafuta kila mahali ili "kujihami" anakwepa kazi, na mwenye gari atailipa gharama hiyo polepole.

Cheche na kugonga

Sehemu inayotenganisha mafundi ni taimingi ya cheche, na hapa inafaa kukaa kidogo. Cheche haiwashwi pistoni ikiwa juu kabisa. Moto huhitaji muda wa kusambaa, hivyo cheche hutangulia, ili shinikizo kubwa kuliko yote liikute pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, digrii 15 hivi baada ya kilele. Cheche ikichelewa, nguvu hupotea na joto huenda kwenye ekzosi na turbo. Ikitangulia mno, sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hubanwa na kupata joto hadi ikajilipukia yenyewe. Huko ndiko kugonga. Kwenye injini yenye shinikizo kubwa la turbo, kugonga kwa nguvu kwa sekunde chache kunatosha kuvunja kingo zinazoshika ringi za pistoni, na baada ya hapo hakuna ramani itakayoiponya.

Masikio ya dereva hayatoshi kulinasa. Ndani ya gari lenye ekzosi ya kelele, kugonga kwa hatari kunaweza kupita bila mtu yeyote kusikia chochote. Mlio wake hutegemea kipenyo cha silinda. Kwa silinda ya milimita 86 huwa kati ya kilohezi 6 na 7. Fundi makini hufunga kipaza sauti maalumu kwenye bloku ya injini, huvaa spika za masikioni na kusikiliza huku akitazama mchoro wa sensa ya kugonga. Ukimkuta fundi anatyuni injini ya turbo bila kifaa chochote cha kusikilizia kugonga, kwa hoja kwamba yeye "anaisikia kwa uzoefu," mshukuru kwa muda wake kisha uondoke.

Jambo lingine la kumwangalia ni pale anapoacha. Anapotanguliza cheche digrii moja moja, nguvu ya kuzungusha huongezeka, kisha ongezeko hupungua, kisha hukoma. Digrii zinazofuata baada ya hapo hazileti faida yoyote, zinaongeza shinikizo na hatari tu. Kwa petroli ya okteni ndogo, yaani yenye uwezo mdogo wa kustahimili kugonga, kugonga huanza hata kabla ya kufika hapo, na ndiyo maana ramani lazima itengenezwe kwa mafuta yale yale gari litakayoyatumia kila siku, wala si kwa mafuta mazuri yaliyotiwa siku ya kupima ili namba ipendeze.

Kutokana na hayo mtu anaweza kuona ubaya wa ramani inayonunuliwa ikiwa tayari, iliyotengenezwa kwenye gari jingine la aina hiyo hiyo. Ni suti iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine wa umri wako: pengine itakukaa, pengine itabana kwapani. Kwa gari lisilobadilishwa kitu, ramani kama hiyo kutoka kwa kampuni yenye uzoefu hufaa kwa kiasi, kwani viwanda hutengeneza injini zinazofanana sana. Gari likishabadilishwa turbo, nozeli na kamshafti, kufanana huko kumekwisha.

Wengine hujibu kwamba kompyuta za kisasa hujifunza zenyewe. Hujifunza, lakini kwa mipaka. Kompyuta ya kiwandani hutumia sensa ya oksijeni kusahihisha mafuta, na marekebisho hayo kwa kawaida hufungiwa kwenye asilimia 25 hivi juu au chini. Isitoshe, hufanyika hasa gari linapokwenda taratibu. Kwenye magari mengi, ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta huacha kusahihisha na kufuata ramani ilivyoandikwa. Hata kwenye kompyuta zinazoendelea kusahihisha mafuta wakati huo, hakuna inayojifunza yenyewe taimingi bora ya injini uliyoibadilisha. Kompyuta hurudisha cheche nyuma ikisikia kugonga, na huo ni ulinzi wa dharura ambao hautoshi kuitwa tyuni.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kubaki na kompyuta ya kiwandani na kuiflashi, yaani kuandika upya ramani zake. Zipo zana zinazojulikana kwa kazi hii: Hondata kwa magari ya Honda, Cobb kwa Subaru na mengine kadhaa, EcuTek, na HP Tuners ambayo ilijijengea jina kwenye magari ya General Motors. Faida yake kubwa ni kwamba kila kitu kingine hubaki kama kilivyokuwa: kizuia wizi kinatambua ufunguo, gia boksi ya otomatiki inabadilisha vizuri, breki za ABS na dashibodi zinapata taarifa zake, na asubuhi ya baridi injini inawaka mara moja. Watu huzidharau kompyuta za kiwandani, ilhali wahandisi walizitumia miaka kuzipanga kwa joto, baridi, mwinuko na mafuta ya kila namna. Kwa gari la mitaani lenye mabadiliko ya wastani, hii ndiyo njia ningeipendekeza kwanza, hata kama haina jina la kujivunia mbele ya wenzako.

Mipaka yake ipo. Sensa ya kiwandani ya shinikizo inaweza kuishia chini ya shinikizo la turbo jipya, na hapo lazima ibadilishwe na namba zake ziandikwe upya. Baadhi ya kompyuta mpya zimefungwa kwa usimbaji ambao haujapata ufunguo, au ambao hufunguka tu kompyuta ikitolewa na kufanyiwa kazi mezani. Vilevile, karakana ya kampuni iliyotengeneza gari ikisasisha programu, ramani yako inaweza kufutwa bila mtu kukuuliza. Kinyume na uvumi ulioenea, kuchomoa betri hakuifuti. Kunachofuta ni yale marekebisho madogo yaliyojifunzwa, wakati ramani imo kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme kudumu.

Njia ya pili ni kifaa cha kupachika katikati, maarufu kwa jina la pigibeki. Hukaa kati ya sensa na kompyuta ya kiwandani, kikapotosha taarifa ili kompyuta itoe amri tofauti. Kwa mfano, huiambia kwamba shinikizo la turbo ni dogo kuliko lilivyo, nayo ikaliongeza. Pale ambapo kompyuta ya kiwandani haijafunguliwa na mtu yeyote, kifaa hicho ni suluhisho la haki, na kipo kizuri. Tatizo ni kwamba kompyuta iliyodanganywa hufanya hesabu zake nyingine zote kwa namba za uongo, na kadiri unavyotaka nguvu zaidi ndivyo uongo unavyozidi kukua. Kisichanganywe na vile vijisanduku vyenye taa ya kumetameta vinavyochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi na kuahidi nguvu na kupunguza mafuta kwa wakati mmoja. Vingi havina kitu ndani zaidi ya hiyo taa.

Ya tatu ni kompyuta huru, inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani kabisa. Hapa ndipo majina hutajwa kwa jazba: Haltech na MoTeC za Australia, zilizoanza miaka ya 1986 na 1987, Link ya New Zealand, ECUMaster ya Poland, MaxxECU ya Uswidi, FuelTech ya Brazil, Holley ya Marekani, na MegaSquirt, iliyoanzishwa na Bruce Bowling na Al Grippo kwa ajili ya wanaopenda kujitengenezea wenyewe. Nyingine huuzwa na plagi inayoingia moja kwa moja kwenye soketi ya waya za gari fulani, na hizo huokoa kazi kubwa. Nyingine hutaka utandazwe mfumo mpya wa waya. Kama umewahi kutafuta kwa nini injini inakata kwenye mizunguko 4,500 ukaja kugundua kwamba waya wa ardhi wa sensa ulifungwa pamoja na wa koili ya cheche, utajua kwamba waya mbovu huifanya kompyuta ya bei yoyote ionekane mbovu.

Kompyuta huru hufaa injini iliyohamishiwa kwenye gari lisilo lake, gari la mbio, au mabadiliko makubwa kupita uwezo wa ile ya kiwandani. Kabla ya kuangalia jina, angalia kama inakidhi injini yako. Je, ina njia za kutosha za kuendesha kila nozeli na kila koili peke yake? Inautambua mpangilio wa meno ya gurudumu la krankshafti na kamshafti? Inaweza kudhibiti kamshafti zinazobadilika pamoja na kipepeo cha umeme, na kufanya hivyo kwa usalama, kwa kulinganisha sensa mbili za pedali na mbili za kipepeo ili moja ikiharibika kipepeo kisibaki wazi? Injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda ni mtihani wa peke yake: nozeli zake hufunguliwa kwa umeme wa volti kama 65, na kompyuta nyingi huru haziwezi kuziendesha bila kifaa cha nyongeza. Halafu kuna waya mbili za mawasiliano ambazo kompyuta zote za gari huzungumzia, zile za CAN. Ukiondoa kompyuta ya injini kwenye gari la miaka ya karibuni, gia boksi, usukani wa umeme, kiyoyozi na dashibodi vinaweza kugoma vyote, isipokuwa kompyuta mpya ijue kuiga lugha yao.

Ulinzi wa injini ndicho kipengele ambacho ningekilipia bila kusita. Kompyuta nzuri inaweza kupangwa izime au ipunguze nguvu papo hapo endapo shinikizo la oili litashuka chini ya kiwango kwa mzunguko fulani, shinikizo la mafuta likishuka wakati turbo inasukuma, au maji ya rejeta yakichemka. Lakini kipengele hicho hakina maana kama sensa za oili na za mafuta hazikufungwa, au kama fundi aliziacha namba za ulinzi kama zilivyotoka kiwandani.

Kumpata fundi

Sasa tunaweza kurudi kwenye mpangilio wa swali. Kila kompyuta ina programu yake, mantiki yake na visirani vyake, na fundi aliyeizoea moja kwa miaka huifanya ilete matokeo ambayo hataweza kuyapata kwenye nyingine aliyoifungua wiki iliyopita. Kwa hiyo mpate kwanza fundi aliye karibu nawe kiasi cha kurudiwa, mwenye historia na injini ya aina yako, halafu muulize anapendelea kompyuta gani na kwa nini. Ukimpelekea kompyuta asiyoijua, utamlipa ajifunzie kwenye injini yako. Ikiwa kompyuta yako ya ndoto haina fundi anayeiweza, hiyo si kompyuta bora kwako, hata iwe inatumika kwenye mashindano ya hadhi ya juu.

Maswali yake yatakueleza mengi. Fundi anayestahili huuliza kabla ya kutaja bei: gari litatumika wapi, kwa mafuta gani, nozeli ni za ukubwa gani, pampu ipi, injini ilifunguliwa lini. Ataomba vipimo vya mgandamizo wa silinda na vya uvujaji, atazijaribu bomba za turbo kwa hewa kutafuta mvujo, ataangalia mwanya wa plagi, na ataitumia taa ya taimingi kuhakikisha kwamba digrii zinazosomwa kwenye kompyuta ndizo zilizopo kwenye puli ya krankshafti. Hatua hii ya mwisho huchukua dakika chache, na ikirukwa, namba zote za cheche zinazofuata ni za kubahatisha. Atahitaji pia data sahihi za nozeli, ikiwamo ule muda mdogo ambao hupita kabla nozeli haijafunguka, unaobadilika kulingana na volti za betri. Anayesema "lete tu, tutaona" bila kuuliza chochote anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Muombe akuonyeshe rekodi za gari alilolifanyia kazi, hata kama huzielewi zote. Tuseme rekodi inaonyesha gari likikanyagwa kwenye gia ya nne kuanzia mizunguko 2,500. Lambda imetulia kwenye 0.82 hadi mizunguko 5,800, kisha inapanda kidogo kidogo hadi 0.88. Muda wa nozeli kubaki wazi umefika asilimia 96 ya nafasi iliyopo, wakati kikomo cha busara ni karibu 85. Shinikizo la mafuta, ambalo lilipaswa kupanda sambamba na la turbo, kwa mfano kutoka bari 3 hadi 4.2 turbo ikisukuma bari 1.2, linaanza kushuka. Fundi mbovu ataongeza namba kwenye ramani ili lambda irudi 0.82, na kwa siku hiyo huenda ikarudi. Fundi mzuri atasimamisha kazi, akueleze kwamba pampu imeishiwa na nozeli ni ndogo, na akupe uchaguzi wa kuzibadilisha au kupunguza shinikizo. Habari hiyo haifurahishi, hasa kwa aliyeahidi rafiki zake namba fulani, lakini ndiyo unayoilipia.

Mashine ya kupimia nguvu, ambayo wengi huiita daino, imezua mkanganyiko wa peke yake. Watu huitazama kama mizani ya haki, kumbe namba zake hutofautiana kwa aina ya mashine, joto la siku, kanuni ya usahihishaji iliyochaguliwa, hata jinsi matairi yalivyofungwa. Gari moja linaweza kutoa namba mbili tofauti kwenye karakana mbili bila mtu yeyote kudanganya. Faida yake halisi ni kulinganisha kabla na baada kwenye mashine ile ile, na, kwa zile zenye breki, kuishikilia injini kwenye mzunguko na mzigo mmoja ili kila chumba cha jedwali kipangwe kwa utulivu. Daino inayopima kwa uzito wa roli pekee haiwezi kuishikilia injini hivyo. Karakana inayotangaza tu kilele cha nguvu farasi inakunyima habari ya maana zaidi, yaani gari linaendeshwaje kwenye asilimia 30 ya pedali, ambako utalitumia kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kuwaka kwa baridi, kutulia kwenye foleni huku kiyoyozi kikiwashwa na kukanyaga kwa upole havipatikani kwa mkupuo mmoja wa daino. Vinataka fundi alilaze gari, aliwashe asubuhi, na aliendeshe.

Tyuni ya mbali, ambapo wewe unarekodi safari na fundi anakutumia ramani mpya kwa intaneti, inawezekana na wapo wanaoifanya kwa uadilifu. Inafaa zaidi kwenye kompyuta za kiwandani na mabadiliko yanayofahamika, na inahitaji sensa ya lambda ya upana wote, kama ile ya Bosch LSU 4.9, kwa sababu sensa ndogo ya zamani hutambua tu kama uko juu au chini ya 1 bila kusema kwa kiasi gani. Kwa injini iliyojengwa upya yenye shinikizo kubwa, ningemtaka fundi awe pale pale, mkono wake ukiwa karibu na swichi ya kuzima. Kukanyaga hadi mwisho barabarani ili kupata rekodi ni hatari pia kwa watu wasiohusika na gari lako.

Kubalianeni kwa maandishi juu ya umiliki wa ramani kabla kazi haijaanza. Mafundi wengine huifunga kwa nywila ili wenzao wasiinakili, na wana haki ya kulinda jasho lao. Lakini ukihama, au yeye akifunga karakana, hutaweza kubadilisha hata mzunguko wa sailensi, yaani wa injini ikiwaka bila kukanyagwa, bila kuanza upya. Uliza pia kama bei inahusisha marekebisho ya baadaye na kama utapewa faili za rekodi. Sheria nazo zisisahaulike: Marekani, kwa mfano, Sheria ya Hewa Safi inakataza kuondoa au kuzima vifaa vya kudhibiti moshi kwenye magari ya barabarani, na California hutaka sehemu zinazogusa mfumo huo ziwe na idhini ya bodi yake ya hewa. Dhamana ya kiwanda na bima vinaweza kuyumba popote, kwa hiyo soma mkataba wako kabla ya kuandika chochote kwenye kompyuta.

Gari likishatoka kwa fundi, lolote linalobadilisha kiasi cha hewa au mafuta linaifanya ramani ipitwe na wakati: nozeli nyingine, pampu nyingine, turbo, kamshafti, sensa ya shinikizo, kichujio cha hewa kilichohamishwa karibu na sensa ya kupima hewa, hata mafuta ya okteni tofauti. Mpigie simu fundi kabla ya kufunga kitu hicho, na mpaka atakapoiona rekodi mpya, usilikanyage gari zaidi ya nusu ya pedali.